Miguu ya Kukisia

Machi 9, Jumapili

Nimepata wageni wawili kwa mpigo: Mama jana jioni, mvua leo alfajiri. Hakuna aliyesema ataondoka lini.

Mama aliteleza uani kwake mwezi wa kwanza akavunjika mguu. Plasta imetolewa, anatembea kwa mkongojo, lakini Kaka ameamua kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Kaka ni hodari sana wa kuamua mambo akiwa mbali. Alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, wewe huna mume, huna mtoto, una vyumba viwili." Kwake huo ndio ulikuwa mjadala mzima.

Nyumba yangu iko ghorofa ya tatu, na ngazi zake ziko nje, hazina paa. Mvua ikinyesha zinateleza kama zimepakwa sabuni. Kwa hiyo asubuhi nikienda kazini duka la dawa, nitafunga geti la chuma mlangoni na kuondoka na ufunguo. Ni kwa usalama wake. Ufunguo nimeutia kamba nauvaa shingoni, maana mimi kwa kupoteza vitu sijambo.

Darasa la kuchora la Jumamosi nimeliacha. Nililianza baada ya talaka kwa sababu kilikuwa kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyenishauri nikifanye. Tulikuwa tunachora watu halisi waliokaa mbele yetu, si kwa picha. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Chora unachokiona, acha unachokijua." Leo nimekunja karatasi zangu nikaziweka juu ya kabati. Nimelia kidogo, jikoni, bomba likiwa wazi ili Mama asisikie.

Machi 11

Mvua. Kazini, nyumbani, kazini.

Machi 13

Daktari wa Meno amepiga simu. Tulikuwa tunakaa meza moja darasani na hilo ndilo jina lake kwetu sote, kwa sababu ndiyo kazi yake. Huwezi kucheka mbele yake bila kuona macho yake yakihesabu meno yako. Ameniambia, "Shoga, mtu wa kuchora unaye humo humo ndani. Mchore mama yako. Jumapili nitapita kutazama, na wewe utatazama zangu."

Nimemuuliza Mama kama atakubali. Amesema, "Nikae tu?"

"Ukae tu, Mama."

"Basi hilo nimeshalizoea."

Ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Nimechora mkono wenye mkongojo mara tatu, na mara zote tatu umetoka kama mguu wa kuku.

Machi 15

Kumbe Mama akikaa kuchorwa anazungumza. Mikono imetulia, mdomo unafanya kazi. Leo ameniletea habari za bweni. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na mimi nilikulia humo, kwenye chumba kidogo karibu na mlango mkuu. Usiku alikuwa akikagua vitanda, nami nikimfuata nyuma na tochi, nikijiona askari.

"Unakumbuka nilivyokuwa nawajua wa kutoroka?" ameniuliza.

"Kwa uso?"

"Uso! Uso wa msichana anayetaka kutoroka ni wa malaika. Nilikuwa nafunua blanketi miguuni. Aliyelala na viatu, huyo hainywi chai yetu ya asubuhi."

Tumecheka mpaka penseli imenianguka. Nimechora kicheko chake, kimetoka kama anaumwa jino. Daktari atafurahi.

Machi 16, Jumapili

Daktari wa Meno amepanda ngazi akiwa amelowa chapachapa, karatasi zake amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Amempa Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba akaingia chumbani kupumzika.

Kanuni ya darasa tumeileta hapa mezani. Neno "nzuri" ni marufuku, na "mbaya" pia. Mwalimu alikuwa anasema maneno hayo yanafunga mlango mtu hata hajaingia. Unatakiwa useme sentensi tatu tu: naona hiki, natafuta hiki, ningejaribu hiki. Basi.

Nimeanza mimi. Alikuwa amemchora mumewe amelala. Nikamwambia, "Naona uzito wa kichwa kwenye mto. Natafuta shingo. Ningejaribu kuanza na bega, kisha nipande." Ameandika pembeni ya karatasi, bila kununa.

Yeye amekaa na michoro yangu muda mrefu. "Naona mikono inayojua kushika kitu," amesema. "Natafuta miguu. Hii umeikisia, shoga. Umemchorea vidole vitano vitano kama vya mtoto kwenye kitabu cha shule. Hukumtazama."

"Yuko nyumbani, miguu iko wazi. Kuna nini cha kutazama?"

"Ningejaribu kutazama."

Amenichoma. Nimetabasamu kwa mdomo uliofungwa.

Machi 17

Nimetazama. Mama amevaa viatu.

Si ndala za ndani. Ni vile vyeusi vya kamba, vya kwendea msibani na mikutanoni. Vimefungwa vizuri, kamba zimelingana. Mguu wa kushoto umevimba kidogo juu ya ngozi ya kiatu. Nimemuuliza kwa nini, akasema, "Sakafu yako baridi."

Basi nimechora viatu. Ni kazi ngumu kuliko uso. Nimechora tundu moja moja la kamba, na kwa mara ya kwanza mguu umekanyaga chini badala ya kuelea.

Machi 20

Maji yamejaa barabarani mpaka kwenye duka la dawa. Nimekanyaga dimbwi mpaka magotini. Mteja amenigombeza kwa sababu dawa ya kikohozi imepanda, kana kwamba naipika mimi.

Machi 22, Jumamosi

Saa tatu nimeangalia saa. Sasa wanapanga viti. Sasa Mwalimu anasema acha unachokijua. Mimi niko hapa napepeta mchele, na Mama yuko pale dirishani, na kati yetu hakuna hata hewa ya kutosha watu wawili.

Nampenda mama yangu. Nimeandika hivyo kwa sababu leo nilihitaji kuliona likiwa limeandikwa.

Machi 25

Kaka amepiga. Amepata wapangaji wa nyumba ya Mama, mwalimu na mkewe, watu watulivu. Wataingia mvua ikikatika. "Ila Mama usimwambie kwanza," amesema. "Tutamwambia wakishaingia. Si unajua alivyo?"

Nimemuuliza vitu vyake vitakwenda wapi. Vitanda, cherehani, lile kabati la vioo.

"Vitauzwa, vingine vitakuja kwako. Wewe unasemaje?"

Nikasema sawa. Nimesema shingo upande, lakini nimesema. Nikikataa, nitakuwa mtoto aliyemfukuza mama yake mwenye mkongojo. Nikikubali, basi hii ndiyo nyumba yetu mpaka mwisho: kiti, dirisha, geti. Niliporudi sebuleni Mama aliniuliza nani alikuwa kwenye simu. Nikasema ni kazini.

Machi 26

Mvua.

Machi 27

Mvua. Mama kavaa viatu. Nimemchora kwa upande, mgongo umenyooka, haugusi kiti.

Aprili 2

Ameanza kunitania. Akiniona nimeshika penseli anajiweka mwenyewe, kidevu juu, kama anapiga picha ya kitambulisho. Nimemwambia akae kawaida. Amesema, "Kawaida yangu iko kwangu, hapa nimekuja na ya akiba." Nimecheka, kisha sikujua nimecheka nini.

Aprili 6, Jumapili

Nimegombana na Daktari wa Meno. Au tuseme mimi nimegomba, yeye alikuwa anakunywa chai.

Alipanga michoro yangu yote sakafuni, kuanzia ile ya mguu wa kuku mpaka ya jana. Mama alikuwa bafuni. Daktari akaiinamia michoro na miwani mkononi, akasema, "Naona mtu aliye stendi."

"Stendi ipi? Hicho ni kiti cha sebuleni kwangu."

"Tazama. Hapa mkoba uko mapajani. Hapa mkoba uko mapajani. Hapa uko chini, lakini kamba kaishika. Viatu siku zote. Macho siku zote mlangoni, hata pale dirisha lilipo upande wa pili. Mgongo haujawahi kuegemea. Natafuta mchoro mmoja ambao huyu mtu amefika. Sijauona."

"Na ungejaribu nini?" nimemuuliza kwa sauti ya kukatia kuni.

"Mimi ningemuuliza mama."

Nikamwambia amekuja kutazama mistari, si kuchungulia nyumba za watu. Nikamwambia ni rahisi kusema kwa mtu ambaye Jumamosi anakwenda darasani na jioni anarudi kwa mume wake anayelala vizuri. Alikusanya karatasi zangu moja moja, akazinyoosha pembe, akaniachia. Kwenye geti ilibidi anisubiri nifungue. Nilikuwa na hasira mpaka ufunguo ukakataa kuingia, akasimama pale na mwavuli wake akitazama ukuta, kwa adabu.

Mkoba. Kwa nini mimi sikuuona, na niliuchora kwa mkono wangu mwenyewe?

Aprili 7

Sikumuuliza.

Aprili 8

Sikumuuliza. Mvua.

Aprili 12

Nimejaribu kumwambia Mama aegemee. Ameegemea kwa heshima, kama mgeni aliyelazimishwa kuongeza wali. Nilipotazama karatasi na kurudisha macho, mgongo ulikuwa umeshanyooka.

Aprili 17, Alhamisi

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilikuwa dukani. Saa sita hivi simu ililia, Mama Mapacha wa ghorofa ya chini. Anapiga kelele, na nyuma yake watu wengine wanapiga kelele. "Njoo! Kwa jirani wa ghorofa ya pili godoro limeshika moto, moshi wote unapanda kwako! Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu.

Niliruka kaunta. Barabara ilikuwa mto, magari yamesimama, nikakimbia katikati ya maji na koti langu jeupe la kazini. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikurudi kukichukua. Njia nzima nilikuwa nimeushika ufunguo kwenye ngumi, ukinichoma kiganja, na kitu pekee nilichokuwa nakisema ni "subiri, subiri," kana kwamba Mama alikuwa na njia ya kufanya kingine.

Nilipofika, moto ulikuwa umezimwa kwa ndoo. Moshi ulikuwa bado unatoka kwenye dirisha la jirani, mweusi na mvivu. Ngazi zilijaa watu. Mbele ya geti langu walikuwa vijana wawili na nyundo, kufuli limebonyea lakini halijaachia. Walinipisha. Natamani wangenitukana.

Mama alikuwa amekaa ndani ya geti. Alikuwa amesogeza kile kiti cha mbao mpaka mlangoni, amekaa wima, kitambaa kilicholowa puani, mkongojo kati ya magoti, mkoba mapajani, viatu miguuni. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Kati yake na watu wote wale waliotaka kumtoa kulikuwa na vyuma vyangu.

Kufuli lilikuwa limepinda, nikahangaika nalo. Mama akaweka mkono wake juu ya wangu, kupitia kwenye vyuma, akasema taratibu, "Usilazimishe. Livute kwako kwanza, kisha zungusha." Likafunguka.

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu wangu mmoja usio na kiatu. "Umelowa," akasema. "Kabadilishe nguo."

Sikubadilisha. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia mbele ya jengo zima. Mama Mapacha alileta chai, na hakuna aliyenitazama machoni.

Aprili 18

Sikwenda kazini. Nyumba inanuka moshi. Nimefuta kuta, na Mama amefuta vikombe.

Mchana, baada ya kula, amesema, "Nipe hiyo penseli. Leo kaa wewe."

Nikakaa kwenye kiti chake. Ni kigumu kile kiti, sikuwahi kukikalia muda mrefu. Kutoka pale, kumbe dirishani huoni barabara, ukuta wa jengo la pili tu. Kinachoonekana vizuri ni geti.

Mama alichora mchana kutwa, ulimi kwenye kona ya mdomo, akinikemea nikijikuna. Mvua ilipungua, ikarudi, ikapungua. Mwishowe akanigeuzia karatasi.

Kichwa changu ni kiazi. Mikono haina viwiko. Uso hauna kitu, duara tupu. Lakini katikati ya kifua, mkubwa kuliko kichwa, kuna ufunguo kwenye kamba. Ule ufunguo umechorwa na mtu anayezijua funguo: jino moja moja, tundu la kamba, hata ule mkwaruzo wa pembeni. Alibeba funguo za bweni kifuani miaka yote ya utoto wangu. Anajua zinavyokaa.

Nilijaribu kucheka. Kisha nikashika kanuni, kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. "Naona ufunguo," nikasema.

"Eeh."

"Natafuta uso wangu."

"Hata mimi, mwanangu. Nautafuta tangu nije."

Ya tatu ilinishinda. Nilitazama miguu yake, vile viatu vyeusi, na tochi ikawaka kichwani mwangu. Blanketi limefunuliwa, msichana ana uso wa malaika, na mimi mtoto nimesimama nyuma ya mama yangu, nikijua kabisa maana ya viatu kitandani. Nilikuwa nikijua. Nilikuwa nimevichora tundu kwa tundu.

"Mama, unataka kwenda nyumbani."

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kaka yako aliniambia tangu uachane na mumeo hulali, huli, unahitaji mtu wa kukaa nawe. Nikasema basi, nitavumilia. Nikawa navaa viatu kila asubuhi, nikisema labda leo atakuwa amechangamka, nitamuaga."

"Mimi aliniambia wewe ndiye huwezi kukaa peke yako!"

Tulitazamana. Sijui nani alianza. Tulicheka mpaka Mama akashika mbavu, kisha machozi yangu yakawa si ya kicheko tena. Wote wawili tumefungiana humu kwa kuhurumiana, na anayetuhurumia kuliko wote yuko mbali, anakula vizuri.

Ndipo nikamwambia habari ya wapangaji. Nimesema kinagaubaga, pamoja na ile "sawa" yangu. Hakupiga kelele. Alikunja mchoro wake mara mbili, akauweka kwenye mkoba.

"Hilo limeniuma," akasema. "Limeniuma kuliko geti. Geti ulikuwa unaogopa." Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Nilimsikia akiongea na Kaka. Sauti ilikuwa ile ya bwenini, ya chini, ambayo wasichana walikuwa wanaiogopa kuliko ya juu. "Mwanangu, hao wapangaji ni wageni wako? Basi wapangishie kwako." Kisha, "Sijamaliza." Kisha, "Ndiyo, nitaanguka. Nikianguka nitaanguka kwangu."

Aprili 20, Jumapili

Nimekwenda mwenyewe kwa Daktari wa Meno, geti nimeliacha wazi, Mama na Mama Mapacha wanagombana juu ya ukoo wa mtu fulani. Nilibisha hodi nikamwambia, "Naona nilikukosea. Natafuta msamaha. Ningejaribu chai." Amecheka, na mimi nikacheka kwa mdomo wazi. Ameniambia jino la nyuma lina tundu.

Aprili 28

Mpango umekaa. Mpishi wa zamani wa bweni, shoga yake Mama, atahamia kwake. Fundi anaweka vyuma vya kushikia bafuni na uani. Kaka amenuna lakini amelipia vyuma. Mimi naogopa kila siku, na Mama anajua, lakini hatubadilishi.

Mei 6

Leo Mama amekaa dirishani miguu wazi. Viatu viko chini ya meza. Nimemchora haraka haraka kabla hajabadilika. Vidole vya kushoto vimepishana, na kidole gumba kina kovu nisilolijua. Si vitano vitano vya kitabuni hata kidogo. Mgongo umeegemea.

Mei 11, Jumapili

Nimempeleka. Aliingia chumba hadi chumba akigusa vitu. Mpishi alikuwa ameshawasha jiko na kuanza kulalamikia sufuria. Sikuwa na la kufanya pale. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni pake, akasimama upande wa ndani, mlango wazi, akanipungia.

Mei 17, Jumamosi

Mvua imekatika. Nilikuwa huru kwenda darasani. Nikakumbuka nguo za kufua. Nikakumbuka tope barabarani. Ilipofika saa tatu nilikuwa bado na kanga ya kulalia, nimekaa kitandani natazama kile kiti kitupu kupitia mlangoni, na geti nimelifunga kwa ndani bila kujua nimelifunga saa ngapi.

Mei 23, Ijumaa

Nimechora kiti. Mbao, misumari, kivuli chake sakafuni. Nimekipiga picha nikamtumia Mama kwenye simu ya Mpishi.

Amenijibu kwa sauti, Mpishi akisikika nyuma akimfundisha pa kubonyeza. "Haya, naona kiti," amesema. "Kimesimama sawasawa. Natafuta mtoto wangu, simwoni." Kikohozi kidogo. "Ningekuwa wewe, ningevaa viatu."

Mei 24, Jumamosi

Saa mbili na robo. Karatasi nimeziteremsha kabatini. Geti liko wazi, na haya nayaandika wima, mezani, viatu miguuni.